Kumfundisha mwanafunzi mwenye wasiwasi au sonona stadi za kuishi na watu: mwongozo kamili wa wiki kumi

Mwanafunzi anayekaa pembeni mwaka mzima ameshaambiwa mara nyingi "changamka", "jiamini", "mbona huongei?" Maneno hayo hayamfundishi kitu. Hayamwambii aseme nini akiwakuta wenzake wanazungumza mlangoni, amwombeje mwalimu arudie alichokieleza, wala afanye nini moyo ukianza kumdunda. Mwongozo huu unahusu kumfundisha mambo hayo moja baada ya jingine, kwa kuonyesha, kujaribu na kurudia, katika kundi dogo linalokutana kila wiki. Umeandikwa kwa mwalimu wa malezi, mnasihi wa shule au chuo, na yeyote aliyekabidhiwa ustawi wa wanafunzi. Mwanafunzi mwenyewe naye anaweza kuusoma, na akipenda aanzie kwenye ngazi ya hofu iliyo katika hatua ya sita.

Kwa nini stadi hizi zinagusa wasiwasi na sonona

Katika miaka ya 1960 Michael Argyle, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Oxford, alianza kuyaeleza mazungumzo ya watu kuwa ujuzi wa aina moja na kuendesha gari: una lengo, unatazama kinachotokea mbele yako, unarekebisha mwendo. Kwa mtazamo huo, anayeshindwa kuzungumza na watu hana kasoro ya utu. Amekosa mazoezi, na mazoezi yanapatikana.

Muongo uliofuata mwanasaikolojia Peter Lewinsohn wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, aliihusisha sonona, yaani huzuni nzito inayodumu na kumnyima mtu hamu, na uchache wa mema yanayomrudia mtu kutokana na matendo yake mwenyewe. Tabasamu, jibu, mwaliko, shukrani: mtu akivipata kwa nadra, hukosa sababu ya kutoka. Akijifungia, huvipata kwa nadra zaidi. Baadaye yeye na wenzake walitunga kozi ya vikundi kwa vijana wenye sonona, na stadi za kijamii zikawa sehemu yake, pamoja na kupanga shughuli zinazofurahisha, kuutuliza mwili na kuyapima upya mawazo.

Wasiwasi nao una mzunguko wake. Mwanafunzi anaogopa kuulizwa, kwa hiyo anakwepa, na nafuu anayoipata papo hapo inamfundisha kwamba kukwepa ndiko kulikomwokoa. Wakati huohuo wenzake wanafanya mazoezi ya kuongea kila siku bila hata kujua kwamba wanafanya mazoezi. Baada ya miaka miwili mitatu hofu na upungufu wa ujuzi vimeshikana kiasi kwamba hujui kipi kilitangulia. Ndiyo maana mafunzo yasiyomtoa mwanafunzi nje ya chumba cha kundi hayamfikishi mbali, na kumsukuma nje bila kumfundisha ni kumwonea.

Hatua ya kwanza: jua anachokosa

Hapa ndipo ninapomsihi mwalimu asiharakishe. Wanafunzi wanne wanaweza kukaa kimya kwa sababu nne tofauti, na kila mmoja akahitaji kitu chake.

Wa kwanza hajui. Hajawahi kuona mtu akianzisha mazungumzo vizuri, au amekulia mahali ambapo watoto hawazungumzi. Huyu hata na watu anaowapenda anajibu kwa neno moja, anamkatiza mwenzake, anasimama karibu mno au mbali mno. Anahitaji kufundishwa tangu mwanzo.

Wa pili anajua, ila hofu inamfunga. Mwangalie akiwa na rafiki yake mmoja au na mdogo wake: anatania, anasimulia, anacheka. Mweke mbele ya darasa na ulimi unakauka. Ukimfundisha namna ya kusalimia utampotezea muda, na pengine atajihisi amedharauliwa. Anachohitaji ni kukabili anachokiogopa, kidogo kidogo, kwa mpango.

Wa tatu alikuwa anaweza, kisha sonona ikamnyang'anya nguvu. Walimu wake wa zamani watakwambia alikuwa mchangamfu. Sasa anaongea polepole, sauti iko chini, anachelewa kujibu, anakataa mialiko kwa kuwa haoni itamletea nini. Huyu mpe shughuli fupi za pamoja kwanza, na usisubiri apate hamu. Katika sonona hamu mara nyingi huja baada ya tendo.

Wa nne ananyamaza kwa sababu akifungua mdomo anachekwa au anapigwa. Kumfundisha huyu kuvumilia kwa ustadi ni dhuluma. Kazi ya kwanza ni ya shule: kukomesha uonevu. Mafunzo yatafuata akishakuwa salama.

Utajuaje? Zungumza naye peke yake kwa muda wa kutosha, muulize maswali mepesi: ni nani unayeongea naye kwa raha? Mara ya mwisho ilikuwa lini? Ilikuwaje? Kisha mtazame katika mazingira mawili tofauti, kwa mfano wakati wa mapumziko na wakati wa kazi ya vikundi. Usitegemee ripoti ya mwalimu mmoja.

Neno moja kuhusu wanafunzi wenye usonji (otizimu). Wapo wanaozungumza na kutazama kwa namna yao, na namna hiyo haina ubaya. Kumlazimisha mmoja wao ajifanye kama wengine kutwa nzima humchosha na kunaweza kumwongezea huzuni. Mfundishe kile ambacho yeye mwenyewe anakitaka, tuseme kuomba aondoke mahali penye kelele, na uwafundishe wenzake kumpokea alivyo.

Hatua ya pili: pima, na ujue nani hawezi kusubiri

Dodoso mbili fupi zinatumika sana duniani na zipo pia kwa Kiswahili. PHQ-9, iliyochapishwa mwaka 2001, ina maswali tisa kuhusu dalili za sonona katika wiki mbili zilizopita. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla 0 hadi 27. GAD-7 ya mwaka 2006 ina maswali saba ya wasiwasi, jumla 0 hadi 21. Kwa zote mbili, alama 10 na kuendelea ni ishara kwamba mtu anahitaji kutazamwa na mtaalamu. Dodoso halitoi utambuzi wa ugonjwa, hivyo usimwite mwanafunzi "mgonjwa wa sonona" kwa sababu ya namba.

Swali la tisa la PHQ-9 linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujiumiza. Jibu lolote lililo juu ya sifuri, zungumza na mwanafunzi siku hiyohiyo, faragha, kwa maneno ya wazi: "Je, umefikiria kujiua? Una mpango wowote? Una kitu cha kufanyia?" Kumuuliza mtu waziwazi hakumpandikizii wazo hilo, wengi hupata ahueni kwa kuwa hatimaye kuna aliyethubutu kuuliza. Akiwa na mpango, usimwache peke yake hata kwa dakika chache. Ahadi ya siri haifanyi kazi hapa: mhusishe mzazi au mlezi na upeleke suala kwa huduma ya afya mara moja. Ikiwa hatari ipo nyumbani kwenyewe, anza na mtaalamu wa afya au wa ustawi wa jamii.

Wapo pia wanaohitaji daktari kwanza ingawa hawajataja kufa: asiyekula au asiyelala kwa siku nyingi, anayesikia sauti wasizosikia wengine, anayetumia pombe au dawa za kulevya ili aweze kuhudhuria darasa. Wanaweza kujiunga na kundi baadaye, au sambamba na matibabu kama mtaalamu wao akikubali. Mafunzo haya husaidia matibabu, hayachukui nafasi yake.

Hatua ya tatu: unda kundi

Watano hadi wanane wanatosha. Chini ya hapo, wawili wasipokuja mazoezi ya kuigiza yanakufa. Juu ya hapo, mwenye hofu anapata mahali pa kujificha. Wakaribiane kwa umri. Usimweke mwonevu na aliyeonewa chumba kimoja, hata kama wote wawili wana shida.

Waongoze wawili kama inawezekana, mmoja akionyesha na mwingine akitazama nyuso. Vipindi kumi, kimoja kila wiki, saa moja hadi saa moja na nusu, chumba kilekile, saa ileile. Kwa mwenye wasiwasi, kutobadilika huku ni sehemu ya tiba.

Ongeza mwanafunzi mmoja au wawili wachangamfu na wapole wasio na shida hizi. Deborah Beidel na Samuel Turner, walioandaa tiba ya kikundi kwa watoto wenye hofu ya watu, waliwatumia watoto wa namna hiyo katika shughuli za pamoja, ili ujuzi uliojifunzwa chumbani upate mahali pa kutumika. Watayarishe mapema: kazi yao ni kuitikia kwa kawaida, hawakuja kusaidia wala kusahihisha.

Jina la kundi lina uzito. "Kundi la wenye wasiwasi" litafukuza watu kabla hawajaingia. "Stadi za mawasiliano" linatosha, na ni kweli. Kwa walio chini ya umri wa utu uzima pata kibali cha mzazi, kisha siku ya kwanza wakubaliane wenyewe kwamba kinachosemwa hapa hakitoki, isipokuwa pale uhai wa mtu ukiwa hatarini. Waeleze mpaka huo wa siri mwanzoni, kwa uwazi, wasije wakahisi wamesalitiwa.

Hatua ya nne: mwendo wa kila kipindi

Kipindi kina sehemu tano na hakibadiliki: kupitia kazi ya wiki iliyopita, maelezo mafupi ya stadi mpya, onyesho, igizo dhima (mwanafunzi kuiigiza hali halisi na mwenzake) pamoja na mrejesho, na kupanga kazi ya wiki ijayo. Maelezo yasizidi dakika kumi. Kiongozi anayehutubia nusu saa amewapa wanafunzi ruhusa ya kutojaribu.

Onyesho lisiwe kamilifu mno. Kiongozi akionyesha mazungumzo laini yasiyo na kigugumizi, mwanafunzi anajiambia, "mimi siwezi kufika huko." Onyesha mtu anayesita, anayesahau neno, anayevuta pumzi, kisha anaendelea. Hicho ndicho anachoweza kukiiga kesho asubuhi.

Igizo liwe fupi, dakika moja au mbili, na litokane na jambo halisi la mwanafunzi. Muulize: nani alikuwepo, alisimama wapi, alisema nini? Mchague mwenzake aigize mtu huyo. Mara ya kwanza aigize mtu mpole, mara ya pili aigize mtu mwenye haraka, mara ya tatu mtu baridi kidogo. Ugumu unaongezwa namna hiyo bila kumtisha.

Mrejesho ndio moyo wa kazi yote, na ndio unaoharibiwa zaidi. "Umefanya vizuri" hauna faida. "Ulisubiri amalize kisha ukamuuliza kuhusu mtihani wake" una faida, kwa kuwa mwanafunzi anajua akirudie nini. Kanuni ninayoishika: mambo mawili yaliyofanyika sawasawa, yatajwe kama matendo yanayoonekana, jambo moja la kujaribu, halafu arudie igizo hapohapo kabla hajakaa. Akikaa bila kurudia, anaondoka na kumbukumbu ya kukosolewa. Akirudia na kufanikiwa, anaondoka na kumbukumbu ya kuweza.

Usimlazimishe mtu kuigiza wiki ya kwanza. Mpe kazi ya kutazama: ahesabu maswali yaliyoulizwa, au aandike sentensi iliyomvutia. Wiki ya pili asome mstari mmoja akiwa amekaa. Wiki ya tatu asimame.

Hatua ya tano: stadi zenyewe, kwa mpangilio

Kutazama nje. Anza na hii kabla ya salamu. Mwaka 1995 wanasaikolojia David Clark na Adrian Wells walieleza kwamba mwenye hofu ya watu, akiingia kati yao, hugeuza macho yake ndani: ninatetemeka? uso umebadilika? wameniona? Kisha picha anayoijenga kichwani anaichukua kuwa ndivyo wengine wanavyomwona. Zoezi ni hili: wawili wazungumze dakika mbili huku mmoja akijichunguza kwa makusudi, mikono, sauti, moyo. Kisha wazungumze tena dakika mbili huku akitafuta kujua tu mwenzake anasema nini. Waulize wote wawili ni mazungumzo gani yalikuwa mepesi. Mara nyingi mwanafunzi hushangaa kusikia mwenzake pia aliyapenda yale ya pili.

Hapa wasimulie pia jaribio la Thomas Gilovich na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, lililochapishwa mwaka 2000. Wanafunzi walivishwa fulana yenye picha waliyoionea haya, wakaingia chumba walimokuwa wenzao. Walikadiria kwamba karibu nusu ya waliokuwemo waliiona picha ile. Walioiona kweli walikuwa karibu robo. Macho ya watu hayakukazii kama unavyodhani.

Kuanzisha. Salamu, jina kama analijua, kisha neno kuhusu jambo wanaloliona wote wawili: foleni, somo lililokwisha, kazi waliyopewa. Maneno ya kuvutia hayahitajiki. "Umemaliza lile swali la tatu?" ni mwanzo mzuri kuliko sentensi iliyotungwa usiku kucha. Kuhusu macho, fundisha kinachokubalika katika jamii ya mwanafunzi na kwa rika analozungumza nalo, maana kumtazama mkubwa na kumtazama rika si jambo moja kila mahali.

Kuendeleza. Wengi wenye wasiwasi wanakwama baada ya salamu, kwa sababu wanatafuta mada mpya kila mara. Fundisha swali linalofuata jibu. Utafiti wa Karen Huang na wenzake wa Harvard, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba wanaouliza maswali ya namna hiyo hupendwa zaidi na wanaozungumza nao. Andika mfano ubaoni:

— Wikiendi ilikuwaje?
— Nilikuwa nasoma tu, nina mtihani wa kemia.
— Wa kemia? Sehemu gani inakusumbua?
— Ile ya mizani ya milinganyo.
— Mimi pia ilinichanganya mwanzoni. Wewe unaanzia wapi?

Angalia mstari wa mwisho: ametoa kidogo kuhusu nafsi yake, kisha akarudisha swali. Anayeuliza tu bila kutoa chochote humfanya mwenzake ajihisi yuko kituo cha polisi.

Kujiunga na wanaozungumza. Stadi hii ni ngumu kwa wengi na inastahili vipindi viwili. Asogee, asimame pembeni kidogo mwa mduara, asikilize mpaka ajue wanazungumza nini, angoje pumziko, aseme neno moja linalohusu kilekile wanachokisema. Kosa la kawaida ni kuingia na habari yako mwenyewe au kuwabadilishia mada. Kosa jingine ni kusimama mbali ukisubiri kuitwa. Wafundishe pia kwamba wakati mwingine kundi halifunguki, hata kwa mtu hodari. Mwanafunzi aseme "basi, tutaonana" na aondoke bila kulichukulia kuwa hukumu.

Kuomba, kukataa, kulalamika. Kuna unyonge, kuna ukali, na kati yake kuna msimamo. Sentensi ya msimamo ina tukio, hisia, na ombi: "Tulikubaliana unipe sehemu yako Ijumaa na sijaipata. Nina wasiwasi tutachelewa. Naomba unitumie leo jioni." Hakuna "wewe siku zote" wala "samahani sana kukusumbua". Wafanye mazoezi ya kukataa kwa sentensi fupi isiyo na visingizio, na ya kurudia ombi kwa sauti ileile mwenzake akibisha. Kwa mwanafunzi wa sonona, ambaye ameshazoea kunyamaza na kuumia, stadi hii mara nyingi ndiyo inayomrudishia heshima yake. Ombi moja lifanyiwe mazoezi na kila mtu: kumwendea mwalimu. "Mwalimu, samahani, sijaelewa kuanzia mfano wa pili. Naomba nije wakati wa mapumziko unielekeze."

Kupokea. Kupokea sifa kwa "asante" bila kuipinga. Kupokea habari njema ya mwenzako kwa kuulizia zaidi. Kupokea ukosoaji kwa kutafuta chenye ukweli ndani yake: "Ni kweli nilichelewa, hilo la kutojali sikubaliani nalo." Stadi hizi ni nyepesi na zinaingia kwa haraka, zitumie kupumzisha kundi baada ya kipindi kizito.

Hatua ya sita: ngazi ya hofu na kazi ya nje

Kila mwanafunzi aandike hali nane hadi kumi anazoziogopa, kila moja aipe namba kati ya 0 na 100, kipimo kilichotokana na kazi ya Joseph Wolpe, daktari wa magonjwa ya akili. Kisha azipange toka ndogo hadi kubwa. Mfano wa sehemu ya ngazi ya mmoja: kumsalimia mwenzake wa dawati (20), kuuliza saa kwa mtu asiyemjua (30), kukaa meza yenye watu wakati wa kula (45), kumuuliza mwalimu swali baada ya somo (55), kujibu darasani (70), kuwasilisha kazi ya kundi (90). Aanze na zilizo kati ya 20 na 40. Kila hatua airudie siku kadhaa mpaka namba ishuke, ndipo apande.

Kabla ya kila jaribio aandike anachotarajia kitatokea, kwa maneno yanayoweza kuthibitishwa. "Itakuwa mbaya" haitoshi. "Atageuka bila kunijibu" inatosha. Baada ya jaribio aandike kilichotokea. Daftari hilo la safu mbili, likijaa, linamshawishi mwanafunzi kuliko maneno yako yote, maana ushahidi ni wake.

Zipo kinga ndogondogo ambazo mwenye wasiwasi huzitumia bila kujua: kushika simu, kuikariri sentensi kichwani kabla ya kuitamka, kukaa nyuma kabisa, kuongea haraka ili amalize. Zinampa nafuu, ila zinamnyima fursa ya kugundua kwamba angeweza bila hizo. Ziorodheshe pamoja naye, kisha kila wiki aache moja.

Usiku baada ya tukio ni wakati wa hatari. Mwanafunzi analala chali na kulirudia tukio mara kumi, kila mara likizidi kuwa baya. Mpe mipaka: mistari mitatu kwenye daftari, nilifanya nini, yeye alifanya nini, kesho nitajaribu nini, kisha afunge. Mwambie pia kuhusu utafiti wa Erica Boothby na wenzake wa mwaka 2018: watu waliozungumza kwa mara ya kwanza walidhani wamependwa kidogo kuliko walivyopendwa kweli. Miongoni mwa wanafunzi waliokaa pamoja bwenini, pengo hilo lilidumu kwa miezi.

Kipime kilichofanyika, usipime alivyojisikia. Aliyesalimia huku akitetemeka amefaulu kazi yake kikamilifu.

Hatua ya saba: sonona inapotawala

Mwenye sonona anahitaji mambo matatu ya ziada. La kwanza, ratiba. Aandike shughuli mbili tatu fupi za wiki zenye mtu mwingine ndani yake, zenye siku na saa, na azifanye hata akiwa hana hamu. Shughuli zinazojirudia na watu walewale zina thamani kubwa zaidi, kwaya, timu, kundi la kujisomea, kwa sababu urafiki hujengwa na saa. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alikadiria mwaka 2018 kwamba inachukua saa zipatazo 50 za kuwa pamoja kutoka kufahamiana hadi urafiki wa kawaida, na zaidi ya 200 kufikia urafiki wa karibu. Mwanafunzi akilijua hilo haoni tena kwamba ameshindwa kwa kuwa wiki ya tatu bado hana rafiki wa moyo.

La pili, kuomba kuhakikishiwa. "Bado unanipenda? Umenikasirikia?" likirudiwa kila siku linachosha hata rafiki mwema, na akianza kujitenga, mwenye sonona anaona hofu yake imethibitika. Usimkaripie kwa hilo. Mfundishe kuuliza mara moja, kusikia jibu, na kugeuza mazungumzo kwenye jambo wanalolifanya pamoja.

La tatu linawahusu zaidi wasichana na marafiki wa karibu: kukaa saa nyingi wakirudia shida ileile. Mwanasaikolojia Amanda Rose alionyesha mwaka 2002 kwamba marafiki wanaofanya hivyo huwa karibu zaidi, na pia huwa na huzuni na wasiwasi zaidi. Usiwakataze kusimuliana. Wawekee muda, tuseme dakika ishirini za shida, kisha kila mmoja ataje hatua moja atakayoichukua, kisha watoke wakatembee.

Hatua ya nane: kupima tena

Rudia PHQ-9 na GAD-7 wiki ya tano na ya kumi, na utazame daftari la kila mmoja: ngazi ngapi amepanda, amezungumza na wangapi, amekosa vipindi vingapi. Wasiwasi unaweza kupanda kidogo wiki ya tatu na ya nne, majaribio ya nje yanapoanza, waambie mapema. Ila alama ikipanda kwa kiasi kikubwa, au ikibaki palepale kwenye 10 au zaidi katikati ya mafunzo, mpeleke mwanafunzi kwa mtaalamu wa afya ya akili bila kusubiri wiki ya kumi, na uandike barua fupi inayoeleza ulichokiona na kilichojaribiwa.

Anayekosa vipindi viwili mfululizo mfuate mwenyewe, faragha, siku hiyohiyo aliyokosa kipindi cha pili. Kutokuja ni dalili kabla ya kuwa utovu wa nidhamu.

Panga mikutano miwili ya marudio, mwezi mmoja na miezi mitatu baada ya kipindi cha mwisho. Chagua mmojawapo uangukie mwanzo wa muhula mpya, kwa kuwa madarasa mapya na wenzao wapya ndipo hofu za zamani hurudi. Katika mikutano hiyo usifundishe stadi mpya. Kila mwanafunzi alete daftari lake, ataje ngazi aliyorudi nyuma, aiigize mara mbili mbele ya wenzake, na aondoke na tarehe ya kuijaribu tena.